Mheshimiwa Amesema, Lakini Sheria Imesemaje?

Maswali mengi mnayotuletea kuhusu ubakaji, vipigo na ndoa za watoto huanza kwa maneno yaleyale: "Mheshimiwa amesema." Amesema bila PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, hakuna kesi. Amesema mahakama siku hizi zinawaachia wabakaji makusudi. Amesema binti aliyepata mimba shuleni ndiye mkosaji. Amesema wazee wamalizane kijijini, mahakamani ni kwa wenye fedha. Kisha linafuata swali lenyewe: "Sasa nikaripoti ya nini?"

Nakujibu wewe uliyeumizwa, na wewe mama, dada au shangazi unayemsindikiza. Karipoti. Neno la jukwaani haliwi sheria kwa sababu limesemwa kwa kipaza sauti, hata aliyelisema awe mkubwa kiasi gani. Ibara ya 107A ya Katiba imeipa Mahakama mamlaka ya mwisho ya kutoa haki, na ibara ya 107B imeipa uhuru wa kufanya kazi hiyo. Mkutano wa hadhara haukupewa mamlaka hayo popote.

Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu na mahakama zake, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba aulize huko kuhusu vifungu. Namna ya kulipima neno la mwanasiasa ni moja kote.

## Saa za mwanzo, kabla ya kubishana na mtu yeyote

Naanza hapa kwa sababu ndipo maneno ya wanasiasa yanapofanya madhara makubwa. Mtu anakaa nyumbani siku nne akiwaza kama "ina maana yoyote", na siku hizo nne hazirudi.

- Nenda hospitali au kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.
- Usioge, usifue nguo ulizokuwa umevaa, usichome kitu. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye khanga safi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi.
- Ripoti polisi. Omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto ikiwa kituo kinalo. Omba PF3, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Iandike mahali pawili.
- Kama unamjua aliyekufanyia, mtaje siku hiyohiyo kwa mtu wa kwanza unayemwamini na kwa polisi. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema huaminika zaidi, na ukimya mrefu usio na maelezo huzua shaka.
- Kwa mtoto, piga simu 116 bila malipo, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya.

Umeshachelewa? Nenda hivyohivyo. Kuchelewa hakufuti kosa. Kinachotakiwa ni kueleza kwa ukweli kwa nini ulichelewa: ulitishiwa, ulifungiwa ndani, ulikuwa unaishi kwenye nyumba ya mtuhumiwa, ulikuwa mtoto. Sababu hiyo iingie kwenye maelezo yako polisi tangu mwanzo. Ikijitokeza mara ya kwanza mbele ya hakimu, itaonekana imebuniwa.

## Maneno yanayorudiwa zaidi, na majibu yake

"Bila PF3 hakuna kesi." PF3 ni muhimu, na usiidharau. Lakini ni fomu ya kumsaidia daktari kueleza alichokiona, wala haibebi kesi peke yake. Mahakama ya Rufani imewahi kuiondoa PF3 kwenye ushahidi kwa sababu haikusomwa mahakamani ilipopokewa, na bado ikaacha adhabu isimame kwa ushahidi wa mdomo wa mwathirika na wa daktari. Mtu aliye kwenye hali mbaya atibiwe kwanza. Karatasi hufuata.

"Hana jeraha, basi alikubali." Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema wazi kuwa si lazima kuonyesha majeraha ya kupambana ili kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia. Inasema pia kuwa kuingiliwa hata kidogo kunatosha. Anayesimama mbele ya watu na kuuliza "mbona hakupiga kelele?" anadai kitu ambacho sheria ilishakataa kukidai.

"Ni neno lake dhidi ya neno la mwanamume." Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kuridhika kwamba amesema kweli. Mahakama ya Rufani imeshikilia muda mrefu kuwa ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Usiuelewe vibaya msimamo huo, maana mahakama hiyohiyo imeonya kuwa neno la mwathirika halipokewi bila kupimwa. Kwa hiyo maelezo yako polisi, hospitali na mahakamani yakubaliane. Kama kuna jambo hulikumbuki, sema hulikumbuki. Kubuni ndiko kunakovunja kesi.

"Mtoto hajui anachosema." Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo lazima iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Nitairudia chini, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi za watoto zilipoangukia.

"Alikubali mwenyewe, walikuwa wapenzi." Akiwa chini ya miaka 18, kukubali kwake hakumwokoi mwanamume. Sheria imefunga mlango huo, isipokuwa kwa mke aliyetimiza miaka 15 ambaye hajatengana na mumewe, na nitafika kwenye ubaya wa maneno hayo.

"Huyo anajiuza." Agosti 2024 video ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume ilisambazwa nchini. Kiongozi mmoja wa polisi mkoani alinukuliwa akisema binti huyo alikuwa kama anajiuza. Nchi ilichukia, na Jeshi la Polisi likamwondoa kwenye nafasi yake. Septemba mwaka huohuo washtakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Dodoma, kwa kuwa adhabu ya ubakaji wa kundi ni hiyo. Naomba uishike tofauti iliyopo hapo. Ofisa alizungumzia tabia ya binti, mahakama ikaangalia tendo la wanaume. Hakuna kifungu kinachomtoa mwanamke yeyote kwenye ulinzi wa sheria kwa sababu ya kazi yake, nguo yake au saa aliyotoka nyumbani.

"Wamalizane nyumbani." Mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, baraza la ukoo na kiongozi wa dini hawana mamlaka ya kuisuluhisha kesi ya ubakaji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwa makosa madogo ya watu binafsi, na ubakaji haumo. Hata Mahakama ya Mwanzo haiusikilizi. Huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ng'ombe wawili waliopokewa na baba hawafuti kosa lililotendwa kwa binti. Na ukitaka fidia, idai ndani ya kesi: kifungu cha adhabu ya ubakaji kinaitaka mahakama imwamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa, juu ya kifungo. Mkumbushe wakili wa serikali aiombe. Mara nyingi haiombwi.

## "Mkuu ameshaagiza akamatwe"

Hili linahitaji tulikalie kidogo, kwa sababu linafanana na msaada.

Mama anasimama kwenye mkutano wa hadhara, anamweleza mkuu wa wilaya kilichompata mwanawe. Mkuu anakasirika, na ana haki ya kukasirika. Anaagiza mtuhumiwa awekwe ndani papo hapo. Watu wanashangilia. Mama anarudi nyumbani akiamini kesi imeanza.

Haijaanza. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya au wa mkoa uwezo wa kuagiza mtu ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48, kwa masharti yaliyomo humo. Saa hizo zikiisha bila kufikishwa mahakamani, mtu huyo anatoka. Akitoka, kijiji kinasema amehonga, mama anasema hakuna haki. Kumbe hakuna jalada lililofunguliwa, hakuna maelezo yaliyoandikwa, na binti hajaonwa na daktari.

Ukijikuta kwenye hali hiyo, fanya haya kabla jua halijazama:

1. Nenda kituoni uandikishe maelezo yako mwenyewe. Usitegemee maelezo ya mkuu.
2. Uliza jina la mpelelezi aliyepewa jalada, na namba yake ya simu.
3. Hakikisha uchunguzi wa hospitali umefanyika.
4. Baada ya siku mbili rudi uulize: ameshtakiwa mahakama ipi, kesi namba ngapi, itatajwa lini?

Vivyo hivyo kwa wanaoahidi makubwa. Tumewasikia wabunge wakidai wabakaji wahasiwe au wanyongwe. Wana haki ya kupendekeza bungeni. Kwa sheria iliyopo, ubakaji adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au maisha, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi ni maisha. Hakuna kuhasi. Ninalisema kwa sababu ahadi ya namna hiyo huifanya miaka 30 ionekane kama huruma, na familia inayopaswa kufurahi inatoka mahakamani ikijiona imedhulumiwa.

## Mahakama ikimwachia, soma kwa nini

"Mahakama imembariki mbakaji." Kauli hii hupigiwa makofi kila inaposemwa, na inaumiza mara mbili. Inamvunja moyo mwathirika wa kesi ijayo, na inaficha kosa lilipofanyika, hivyo linarudiwa.

Ukizisoma hukumu za Mahakama ya Rufani zilizowaachia washtakiwa wa ubakaji, utakuta sababu zilezile zinajirudia. Ni mara chache majaji husema binti ni mwongo. Mara nyingi husema:

- umri wa mtoto haukuthibitishwa, wakati shitaka lote limesimama juu ya umri huo;
- mtoto alitoa ushahidi bila ahadi ya kusema kweli kuandikwa;
- hati ya mashtaka ilitaja kifungu kisicho chake, au tarehe na mahali pasipofanana na ushahidi;
- shahidi muhimu, kama jirani aliyefika kwanza, hakuitwa na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Hayo ni makosa ya maandalizi. Baadhi yako nje ya uwezo wako, lakini si yote. Katika orodha hiyo umri ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu mahakama haikuweka kigezo kigumu: umri unaweza kuthibitishwa na mzazi, ndugu, mwalimu, daktari, mtoto mwenyewe, au cheti cha kuzaliwa. Mama aliye kizimbani kama shahidi anatakiwa kusema tu, "Mwanangu alizaliwa tarehe fulani." Kama hakuulizwa, na hakusema, miaka sita baadaye mtu anatoka gerezani.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya ushahidi:

- Tafuta cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kama hakipo, tafuta kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Peleka kwa mwendesha mashtaka, si kwa karani tu.
- Ukisimama kutoa ushahidi, taja tarehe ya kuzaliwa hata kama swali limekuja vibaya.
- Angalia jina la binti kwenye PF3, kwenye maelezo ya polisi na kwenye hati ya mashtaka. Neema wa kwenye karatasi moja asiwe Naomi kwenye nyingine.
- Angalia tarehe ya tukio. Kama ulisema polisi ni tarehe 12 na ukakumbuka baadaye ni 13, mwambie mwendesha mashtaka mapema. Hati ya mashtaka inaweza kurekebishwa kesi ikiwa inaendelea.
- Muulize mwendesha mashtaka, kwa adabu, kama mtoto ameelekezwa juu ya ile ahadi. Swali hilo halimkosei mtu heshima.

Una haki ya kuelewa kinachosemwa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Kiingereza kinatumika pale tu haki inapokihitaji.

### Matokeo yanayochanganywa

Wanasiasa huyaita yote "ameachiwa". Usiyachanganye.

*Dhamana:* kesi ipo, mshtakiwa anasubiri nje. Akikutisha, ripoti siku hiyohiyo uombe dhamana ifutwe.

*Shitaka kuondolewa:* mwendesha mashtaka amelitoa kabla ya mwisho. Kwa kawaida anaweza kushtakiwa upya. Nenda ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Serikali uulize sababu, kwa maandishi.

*Kuachiwa huru:* mahakama imeona shitaka halikuthibitishwa. Hapa kuna rufaa, na muda wake ni mfupi.

*Msamaha wa Rais:* ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyekwisha kutiwa hatiani. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alimsamehe mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha kwa kubaka watoto wa shule. Wengi walisema siku ile kuwa "imethibitika hawana hatia". Msamaha hauthibitishi hilo. Mahakama ya Rufani ilikuwa imeacha hukumu yao isimame mwaka 2010. Ni kweli pia kuwa Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuta kasoro katika haki yao ya kusikilizwa. Hayo ni mambo matatu yaliyotoka kwenye mamlaka tatu, na mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya kila moja. Kuyafanya kitu kimoja ni kupotosha, iwe unawatetea au unawalaani.

## Binti mwenye mimba shuleni

Tarehe 22 Juni 2017, akihutubia Chalinze, Rais Magufuli alisema binti atakayepata mimba hatarudi shuleni katika utawala wake. Kuanzia siku hiyo walimu wengi waliitendea kauli ile kama sheria. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zilitaja makosa dhidi ya maadili na kufunga ndoa. Mimba haikutajwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa wanafunzi hao watarudi, na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kuwa kuwafukuza kulikiuka haki zao.

Miaka minne ilipita kati ya kauli ile na tangazo la wizara, na kwa binti wa kidato cha pili miaka minne ni shule nzima.

Kama mwalimu mkuu bado anakataa kumpokea mwanao:

- Omba sababu kwa maandishi. Wengi hulegea hapo hapo.
- Nenda kwa ofisa elimu wa kata, kisha wa wilaya, ukiwa na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
- Mimba ya binti wa chini ya miaka 18 ni ushahidi wa kosa la mwanamume. Ripoti. Binti ni mwathirika na shahidi; asihojiwe kama mtuhumiwa. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa.

## Ndani ya ndoa

Hapa nitapita haraka, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe ina pengo.

"Sheria inaruhusu kumrudi mke." Hairuhusu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kipigo ni kosa la jinai, uchukue PF3 kama mtu mwingine yeyote.

"Mama wa nyumbani hana chake." Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hakusema mtu kuwa ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Kenya wamepitia mkanganyo huohuo: Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa katika ndoa haumaanishi kugawana nusu bila kupima mchango, na watu wakatangaza kuwa wanawake wamenyang'anywa. Katika kesi ileile mke alibaki na nusu yake, kwa sababu mchango wake ulionekana. Basi tunza risiti, picha za ujenzi na majina ya mafundi na majirani.

Sasa mapengo. Kwanza, sheria ya Bara inautambua ubakaji wa mke pale tu walipotengana. Atakayekwambia vinginevyo anakupa matumaini ya uongo. Lakini majeraha, vitisho na kufungiwa ndani yana vifungu vyake, na utengano unaweza kuombwa mahakamani.

Pili, umri. Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa kibali cha mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka uliotolewa na mahakama ulipita bila vifungu hivyo kuguswa, na katika ucheleweshaji huo ndipo walipoingia wanaosema "mahakama ilitoa ushauri tu". Haikutoa ushauri. Ilitoa amri, na ikathibitishwa na mahakama ya juu kuliko zote nchini. Mtendaji akikwambia binti wa miaka 16 aozwe kwa kuwa "sheria inaruhusu", mtajie tarehe hizo mbili, kisha nenda kwa ustawi wa jamii na polisi kabla ya siku ya harusi. Baada ya harusi kazi huwa ngumu mara kumi.

## Namna ya kulipima neno la jukwaani

1. Liandike kama lilivyosemwa: nani, wapi, lini. "Nasikia wamesema" haipimiki.
2. Uliza ni kitu gani kinachotajwa. Muswada bado haujawa sheria. Waraka wa wizara hauwezi kuishinda sheria ya Bunge. Tamko ni tamko. Maoni ya jaji ndani ya hukumu si amri ya hukumu. Mwaka 2019 majaji wa rufaa wa Kenya walisema nchi yao ijadili umri wa kuridhia; mitaani ikawa "mahakama imeshusha umri hadi 16". Sheria yao ilibaki 18.
3. Uliza kifungu gani, au kesi gani ya mahakama ipi. Anayekijua atakitaja. Asiyekijua atakasirika.
4. Itafute hukumu. Nyingi zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Nyingi ni za Kiingereza. Anza na kurasa mbili za mwisho, ndipo amri ilipo, halafu rudi nyuma kutafuta sababu.
5. Angalia tarehe na toleo. Namba za vifungu huhama sheria zinapochapishwa upya, na hukumu ya mahakama ya chini huenda ilishatenguliwa.
6. Mpelekee mtu wa sheria akuthibitishie. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Mashirika kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo bila malipo.

Wakati unapima, kesi yako isisimame. Endelea na hospitali na polisi.

## "Lakini..."

*"Lakini polisi wetu wanamsikiliza yeye."* Huenda. Ndiyo maana unahitaji karatasi: namba ya RB, nakala ya barua, tarehe ulizokwenda. Ukikwama kituoni panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), kisha ofisi ya Mashtaka ya mkoa. Ibara ya 59B ya Katiba imempa Mkurugenzi wa Mashtaka uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki, na haikumweka chini ya mbunge au diwani.

*"Nitaonekana mpinzani."* Huna haja ya kumjibu kiongozi hadharani. Kosa alilokufanyia mtu halina chama. Kataa kuitwa jukwaani, hata na wale wanaodai kukutetea. Watakutumia wiki moja.

*"Basi tuweke majina mitandaoni, ndiyo njia pekee."* Naelewa hasira. Usifanye. Kesi za kujamiiana husikilizwa faragha, na sheria inakataza ushahidi na mashahidi wake kutangazwa kwenye vyombo vya habari. Jina au picha ya mwathirika ikishatoka hairudi, na wakili wa upande wa pili ataitumia kusema mashahidi wamelishwa maneno. Usisambaze video ya tukio hata kwa nia ya kulaani. Ipeleke polisi, kisha uifute kwenye makundi.

## Hukumu ikitoka vibaya: hesabu siku

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mwathirika hakati rufaa mwenyewe. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayekata. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, ana siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Familia nyingi huanza kuhangaika mwezi wa pili, baada ya kusubiri kiongozi aliyeahidi "kulifuatilia".

Nenda ofisi ya Mashtaka ndani ya wiki ya kwanza. Peleka barua fupi: namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya hukumu, na ombi kwamba rufaa ikatwe. Eleza kwa mistari michache unachoona kilikosewa, kama shahidi ambaye hakuitwa au cheti ambacho hakikupokewa. Gongesha muhuri kwenye nakala yako. Siku hiyohiyo omba kwa karani nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, maana hesabu ya siku 45 huenda sambamba na kupatikana kwa karatasi hizo.

Na kama shauri lako ni la talaka au mgawanyo wa mali, hapo ni tofauti: wewe mwenyewe ndiwe mwenye rufaa, una siku 45, na hakuna atakayekukumbusha.